Mwendo wa Mzee wa Ifo

Uhusiano wa sonona na ajali za barabarani kwa wazee umechunguzwa zaidi Marekani, na huko uchunguzi huanza na mzee aliyeshika usukani. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walitoa matokeo ya kuwafuatilia madereva wazee 395, na 85 kati yao walikuwa na sonona. Magari yao yalifungwa vifaa vya kunasa mwendo, vikaonyesha kwamba wenye sonona walifunga breki za ghafla mara nyingi zaidi, walikata kona kwa nguvu zaidi, na safari zao zilikuwa ngumu kutabirika. Miaka 7 kabla ya hapo, Linda Hill na wenzake wa California walikuwa wamezijumlisha tafiti kadhaa za namna hiyo na kukuta kwamba sonona inakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa dereva kupata ajali. Ni ushahidi mzuri, nami siupingi. Lakini ukiuchukua kama ulivyo ukaupeleka Ifo, kambi kongwe ya Dadaab katika Kaunti ya Garissa, utakuta hauna pa kukaa, kwa sababu mzee wa Ifo hana gari. Anatembea. Akichoka, anapakiwa kwenye mkokoteni wa punda pamoja na mitungi ya maji, au anapanda bodaboda na kumshika kijana kiunoni. Usukani uko mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba suala hili ni la nchi tajiri, halituhusu. Nadhani linatuhusu sana. Sonona haihitaji usukani ili imfikishe mtu kwenye ajali. Inahitaji barabara, na mtu ambaye macho yake yako wazi huku akili yake iko mbali. Hoja yangu ni kwamba Ifo uhusiano huo upo, ila unapita miguuni. Sonona humpunguzia mzee mwendo na uangalifu akiwa njiani. Na ajali ikimpata, humnyang'anya kutembea, ambako ndiko kulikokuwa kumemshikilia asizame. Ni duara, na upande wake wa pili, ule unaoanzia barabarani kwenda moyoni, ndio mzito zaidi na ndio unaosahaulika zaidi.

Ili kuuona uzito huo lazima kwanza tujue mzee wa Ifo ni nani. Kambi ilifunguliwa mwaka 1991, Mohamed Siad Barre alipoangushwa Mogadishu na watu wakaanza kumiminika kupitia Liboi. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipangwa zipokee watu 90,000 kwa jumla. Miaka 20 baadaye, njaa ya mwaka 2011 ilipopiga Somalia, idadi ilikaribia nusu milioni. Katiba ya Kenya humhesabu mtu kuwa mzee akitimiza miaka 60. Basi aliyevuka mpaka mwaka 1991 akiwa na miaka 30, na watoto wadogo mgongoni, aliingia uzeeni mwaka 2021 akiwa bado ndani ya uzio uleule wa miiba. Nguvu zake zote za utu uzima zimeishia mahali alipoambiwa ni pa muda. Wengi wa kizazi hicho walikuwa wafugaji wa ngamia na ng'ombe, au wakulima wa kando ya Mto Juba. Wapo pia Waoromo na Waanuak kutoka Ethiopia, na watu kutoka Sudan na maziwa makuu. Kwa mfugaji, kutembea hakukuwa mazoezi ya mwili. Kulikuwa kazi, hadhi na elimu yake: kujua kisima kipi kina maji baada ya mvua za gu, malisho yapi yamebaki kabla ya mvua za deyr. Kambini kutembea kumepungua mpaka kukawa safari ya kwenda msikitini, kwenye kituo cha mgao, hospitalini, na kwenye soko la kambi liitwalo Bosnia kusikiliza habari. Lakini hata hicho kidogo kilichobaki si kidogo kwake.

Sasa hali ya moyo. Sonona, ambayo wengi Kenya huiita msongo wa mawazo, ni zaidi ya huzuni ya siku mbili tatu. Mtu hukosa raha na hamu ya mambo kwa wiki kadhaa, usingizi unavurugika, chakula hakipiti, mwili unakuwa mzito, fikra zinakwenda polepole, na anajiona hana faida. Wasomali wana maneno yao: murugo kwa huzuni, welwel kwa wasiwasi, niyad jab kwa moyo uliovunjika. Na Dadaab imezaa matumizi yake ya neno buufis, ambalo mtafiti Cindy Horst alilieleza kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 2000: ile hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomjaa mtu mpaka akawa yuko Ifo kwa mwili tu, na roho yake iko Minneapolis au Columbus. Kijana mwenye buufis bado ana miaka ya kungojea. Mzee ameshangoja. Alisikia mwaka 2016 serikali ikitangaza kwamba kambi itafungwa, akasikia Februari 2017 Mahakama Kuu ikisema tangazo hilo ni kinyume cha katiba. Januari 2017 Marekani iliwafungia mlango Wasomali, na Januari 2025 ikasimamisha mpango wake wote wa kupokea wakimbizi. Kila tangazo la namna hiyo hupita kambini kama upepo, na anayeumia zaidi ni yule ambaye wanawe wamekwisha kuondoka, naye faili lake bado linazunguka ofisini. Uchambuzi mkubwa uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika jamii zilizopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana aina fulani ya maradhi ya akili wakati wowote ule, sonona ikiwa miongoni mwa yaliyoenea zaidi, na kwamba sonona huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Ifo ina kinga.

Mtu wa hali hiyo anapotoka nje ya uzio na kuingia njiani, mwili wake unabeba mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni usingizi. Asiyelala usiku huzubaa mchana. La pili ni uangalifu. Sonona humfungia mtu ndani ya mawazo yake, akawa anasikia honi lakini haimfikii, au inamfikia kwa kuchelewa. La tatu ni mwendo wenyewe, na hapa hesabu ndogo inatosha. Utafiti wa wazee wa Uingereza uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba wenye miaka 65 na zaidi hutembea kwa wastani wa mita 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake, ilhali taa za kuvukia barabara huko zimepangwa kwa mtu anayekwenda mita 1.2. Na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mzee mwenye sonona huwa wa polepole zaidi ya mwenzake wa umri uleule. Hatua zinakuwa fupi, na akizungumza au kuwaza huku anatembea, mwendo unazidi kushuka. Tuseme njia ya sokoni ina upana wa mita 8. Anayekwenda mita 1.2 ataivuka kwa sekunde karibu 7. Anayekwenda mita 0.8 atatumia sekunde 10. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa hula mita 11 kila sekunde. Kwa mtu wa kwanza, pikipiki iliyo umbali wa mita 80 si tishio. Kwa wa pili, inabidi iwe zaidi ya mita 110, na ni nani, mwenye ukungu wa macho na vumbi la lori lililopita sasa hivi, anayeweza kuipima tofauti hiyo ya mita 30?

Njia zenyewe zinazidisha jambo. Nyingi za Ifo ni za mchanga, na dereva anayepita kwenye mchanga mwingi huogopa kupunguza mwendo asije akakwama; kwa hiyo pale ambapo angetakiwa kwenda taratibu ndipo anapokanyaga mafuta. Hakuna ukingo unaomtenga anayetembea na chombo cha moto. Punda, mbuzi, watoto wa shule, malori ya mgao, magari ya mashirika na magari ya miraa yanayowahi soko vyote vinagombania ukanda mmoja. Kitaifa, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zilionyesha vifo zaidi ya 4,700 mwaka 2024, na zaidi ya theluthi moja ya waliokufa walikuwa watu wanaokwenda kwa miguu. Kenya, kwa hiyo, ajali ya barabarani ni jambo la miguu kabla ya kuwa jambo la usukani. Anayetaka kujua sonona inafanya nini barabarani kwetu, na aanze hapo.

Kuna mlango mwingine ambao watu wachache huutazama, nao ni dawa. Mtafiti Ray na wenzake, waliowafuatilia madereva wazee wa jimbo la Tennessee na kuchapisha matokeo mwaka 1992, walikuta kwamba waliokuwa wakitumia dawa za sonona za kundi la zamani walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata ajali za kujeruhi. Kundi hilo ndilo lenye amitriptaini, kidonge cha bei nafuu kilichozoeleka katika zahanati za nchi maskini kwa sonona na kwa maumivu pia. Amitriptaini huleta usingizi, hukausha mdomo, huvuruga macho, na humfanya mzee aone kizunguzungu anaposimama ghafla. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumiwa na wahudumu wasio mabingwa wa akili, ambao mwaka 2015 ulitolewa pia kwa toleo la mazingira ya dharura pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, unashauri wazee waepushwe dawa hiyo inapowezekana. Sisemi hivi ili mtu atupe vidonge vyake; kuacha ghafla kuna hatari yake, na sonona isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba anayemwandikia mzee dawa ya kulaza anapaswa kumuuliza anatembea wapi asubuhi, na saa ngapi. Kwa mzee anayeamka kwenda kuswali alfajiri gizani, akiwa bado na kidonge cha jana usiku mwilini, swali hilo ni sehemu ya matibabu.

Mpaka hapa nimefuata mshale unaotoka moyoni kwenda barabarani. Mshale wa kurudi una nguvu zaidi. Richard Mayou na Bridget Bryant, waliowachunguza majeruhi wa ajali waliofikishwa hospitalini Oxford, waliripoti mwaka 2001 kwamba karibu theluthi moja walikuwa na matatizo ya akili mwaka mmoja baadaye: hofu ya kusafiri, wasiwasi, kumbukumbu za ajali zinazowavamia, au sonona. Wengi wao walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu, katika mji wenye hospitali kubwa na mabasi ya kila dakika. Mzee aliyegongwa Ifo akavunjika nyonga yuko mahali pengine kabisa. Nyonga iliyovunjika uzeeni ni jeraha la kuogofya hata katika nchi tajiri, ambako karibu mgonjwa 1 kati ya 4 hufariki ndani ya mwaka. Akihitaji kufungiwa vyuma, atapelekwa Garissa, kilomita 100 hivi za barabara ya kuruka-ruka, au mbali zaidi hadi Nairobi, na kila safari ya mkimbizi nje ya kambi inataka kibali. Mvua zikiharibu njia, kama zilivyofanya mwishoni mwa mwaka 2023 maji ya Mto Tana yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, rufaa inangoja. Familia nyingi huamua kumpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa wa jirani. Mfupa unaunga, lakini mguu unabaki mfupi, na mzee anabaki mkekani.

Na kwenye mkeka huo ndipo sonona yenyewe inapokaa. Marekani wamepima jambo la karibu na hili: Stanford Chihuri, Guohua Li na wenzao walikusanya tafiti za wazee walioacha kuendesha gari, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba kuacha huko kunakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kupata dalili za sonona. Kule gari ndiyo miguu ya mzee. Hapa miguu ndiyo miguu. Anayeshindwa kufika msikitini hapotezi swala ya jamaa peke yake. Anapoteza kikao cha baada ya swala, ambapo ugomvi wa majirani huletwa kwa wazee ufanyiwe maslaha. Kwa mwanamume wa Kisomali aliyepoteza mifugo, nchi na kazi, kuketi katika maslaha na neno lake kusikilizwa ni heshima ya mwisho ambayo vita haikuweza kumpora. Kwa mama mzee, ni safari za msibani na arusini, na kijibanda cha kuuza maziwa au chai. Bodaboda moja iliyopotea njia inaweza kufuta yote hayo kwa sekunde, na hospitalini jeraha litaandikwa kwa neno moja: nyonga. Kilichovunjika zaidi hakina safu katika daftari.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la kitabibu. Atasema mtu: wazee hugongwa kwa sababu hawaoni vizuri, hawasikii vizuri na viungo vinawauma, sonona unaitafuta ya nini wakati mtoto wa jicho yuko wazi mbele yako? Ni kweli kwamba macho na masikio yana sehemu kubwa, na upasuaji wa mtoto wa jicho ni miongoni mwa mambo bora anayoweza kufanyiwa mzee anayetembea barabarani. Lakini pingamizi hili linayatenganisha mambo ambayo katika mwili wa mtu mmoja hayatengani. Asiyeona vizuri hujitenga, anayejitenga huingia katika sonona, mwenye sonona haendi kutibiwa macho kwa kuwa haoni faida. Tena, uzee peke yake hauelezi kwa nini wazee wawili wenye macho sawa na magoti sawa, mmoja huanguka na kugongwa na mwingine hapana. Uangalifu unahusika. Kupima macho na kupima hali ya moyo hakuwezi kuwa kazi mbili zinazoshindana. Mhudumu mmoja anaweza kufanya yote mawili asubuhi moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nakiri kwamba lina haki ndani yake. Linasema kuizungumzia sonona ya aliyegongwa ni kumtwisha lawama. Mwenye kosa ni kijana wa bodaboda aliyekesha na miraa, asiye na leseni, anayewahi abiria wa pili kabla ya kumshusha wa kwanza. Mwenye kosa ni aliyepanga kambi bila njia za watu wa miguu. Nakubali kila neno la hilo. Shirika la Afya Duniani lenyewe linahesabu kwamba mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi, na hakuna ushauri nasaha unaoweza kufuta hesabu hiyo. Ila nauliza: tukishajua kwamba miongoni mwa wanaovuka wapo wengi ambao siku hiyo hawana uwezo wa kujilinda, je, wajibu wa dereva unapungua au unaongezeka? Kwangu unaongezeka. Hakuna anayesema mtoto wa miaka 5 ana makosa kwa kutokuwa makini. Ndiyo maana mbele ya shule huwekwa matuta. Mzee aliyeelemewa na mawazo anastahili hoja ileile. Kuijua sonona yake ni sababu ya kuibadilisha barabara, na anayeitumia kumsamehe aliyemgonga ameielewa kinyume.

Kwa kuwa tuko kaskazini mashariki, lazima pia nitaje hofu nyingine inayoifunika hii. Barabara za Garissa na Dadaab zimejulikana kwa mabomu ya kutegwa, utekaji na misafara inayosindikizwa na polisi. Tangu wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari walipotekwa Dadaab Oktoba 2011, usalama wa barabara huko umekuwa na maana ya bunduki. Inaeleweka. Lakini mkutano wa usalama unaomaliza saa nzima kwa habari za vilipuzi, bila kutaja pikipiki inayopita mbele ya msikiti, umeacha hatari ya kila siku mlangoni.

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya jamii yenyewe. Wapo watakaosema kwamba huzuni ya mkimbizi si ugonjwa, ni jibu la haki kwa maisha aliyopewa. Na wapo watakaosema kwamba ajali ni kadari, na dawa ya moyo mzito ni subira na kusomewa Qurani. Kwa wa kwanza najibu kwamba mguu uliovunjwa na risasi ulivunjika kwa sababu inayoeleweka, na bado unafungwa plasta. Kueleweka kwa chanzo hakuondoi haja ya tiba. Kwa wa pili, sioni ugomvi. Kisomo humrudisha mtu katika kundi la watu, humpa sauti ya kusikia na mkono wa kushika, na hivyo vyote sonona huviogopa. Sheikh anayemwona mzee kila Ijumaa hujua kabla ya daktari kwamba fulani ameacha kuja. Ninachoomba ni kwamba habari hiyo isiishie kwa sheikh. Kadari haijawahi kumkataza Mwislamu kumfunga ngamia wake. Kila mwenye mifugo anaijua sheria hiyo tangu utotoni.

Linabaki swali la uwezo. Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Frank Njenga kiliitaka serikali mwaka 2020 itangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya kitaifa, na mabingwa wa fani hiyo nchini bado ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi. Kungoja bingwa wa akili afike Ifo kwa kila mzee ni kungoja milele. Lakini duara nililolieleza halihitaji bingwa ili livunjwe. Linahitaji watu wawili waliopo tayari waulizane. Anayefunga jeraha la mzee aulize analala vipi, anakula vipi, na kama bado ana hamu ya kuamka. Anayesikiliza huzuni ya mzee aulize anavuka wapi, na lini mara ya mwisho alinusurika kugongwa. Wafanyakazi wa afya wa jamii, ambao wengi wao ni wakimbizi wenyewe na wanaingia katika kila bloki, wanaweza kumfuatilia aliyeruhusiwa kutoka wodini: fimbo amepata? Nani anamsindikiza msikitini? Wazee wenzake wamekuja kumpasha habari? Kama hawezi kuwafuata, kikao cha maslaha kinaweza kuhamia chini ya mti wa kwake. Haya yanagharimu muda zaidi ya fedha. Yapo yanayogharimu fedha pia, na nafuu ya fedha haipo: mpango wa Inua Jamii unaowapa Wakenya wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi haumfikii mkimbizi, na kwa mwenyeji wa Dadaab au Lagdera anayeupokea, nauli ya safari moja ya hospitali Garissa hula sehemu kubwa ya fedha hizo.

Wakati wa kuyasema haya ni sasa, kwa sababu Ifo inakaribia kubadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinataka kambi ziwe makazi ya kudumu zaidi, zenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji. Wakati huohuo barabara ndefu ya Isiolo, Modogashe, Wajir hadi Mandera inatiwa lami kwa mradi wa zaidi ya kilomita 700, na eneo lote linangoja magari mengi na ya kasi zaidi kuliko lililowahi kuyaona. Makazi yakiwa mji, njia za mchanga zitashindiliwa, na dereva ataweza kwenda kasi kubwa zaidi kuliko mchanga ulivyomruhusu. Mita 30 zile za kwenye hesabu yetu zitakuwa 50. Matuta, kingo za kuwatenga wanaotembea, na mahali pa kupumzikia katikati ya njia pana vikiwekwa wakati wa kujenga ni kazi ya siku chache. Vikisubiri miaka 10, vitakuja baada ya makaburi. Na mahali pa kuviweka hapahitaji mtaalamu kutoka mbali. Kutoka kila bloki kuna njia ambazo wazee wamezipita miaka 30 kwenda msikitini, kwenye mgao na hospitalini, wakijua ni wapi lori hujitokeza ghafla na ni wapi jua la asubuhi hupofusha macho. Waulizwe kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa, na aulizwe kwanza yule aliyeacha kutoka nje.